Sura 11 za katuni: nitoe kitabu kimoja au viwili, na bei gani?

Mchora_Usiku
Wakuu, habari za kutwa. Nina katuni ninayoitoa mtandaoni, kila sura kurasa 20. Zimefika sura 11 na wasomaji wanadai kitabu. Kisa cha kwanza kinaishia sura ya 5, kuanzia ya 6 ni safari nyingine. Wachapishaji wakubwa hukata wapi? Naona juzuu za sura 5, za 6, na nyingine zimeunganishwa mpaka kitabu kinakuwa tofali. Na bei wanaitoa wapi? Kila ninayemuuliza anasema "weka yoyote, watanunua".

Baba_Wino
Mkuu, anza na karatasi, hadithi baadaye. Shiti kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa mara tatu, zinatoka kurasa 16. Kitabu kinahesabiwa kwa mafungu hayo. Albamu ya Kifaransa ya kurasa 48 ni mafungu matatu. Kitabu cha Tintin, katuni ya Kibelgiji, kina kurasa 62 za hadithi ndani ya 64, yaani manne. Wachapishaji wake, Casterman, walianza kipimo hicho mwaka 1942, karatasi ikiwa adimu kwa sababu ya vita na rangi ndiyo zinaingia. Kabla ya hapo vitabu vya Tintin vilikuwa nyeusi na nyeupe, vinapita kurasa 100, na mchoraji wake, Hergé, akalazimika kuvifinya vile vya zamani.

Kwako: sura 5 ni kurasa 100. Ongeza 12 za jina la kitabu, haki miliki na michoro ya rasimu, unapata 112, mafungu saba kamili. Sura 6 pia zinakaa: 120 na 8 ni 128.

Shangazi_Katuni
Kata kwenye 5. Wamarekani hutoa toleo jembamba kila mwezi, kisa wamezoea kuunganisha matoleo 5 au 6 kwa juzuu moja, na mazoea hayo yamewaharibu: kisa cha matoleo matatu kinavutwa hadi sita ili juzuu lijae. Mimi nikinunua kitabu halafu kikaniacha njia panda kwa sababu tu mtu alitaka kurasa zitimie, cha pili sinunui.

Muuza_Vitabu
Bei sasa. Usichukue gharama ya kuchapa ukajumlisha "faida kidogo". Anzia bei ya jaladani ukishuka. Marekani, mchapishaji anayepitia kwa msambazaji hubakiwa na takriban asilimia 40 ya bei hiyo, nyingine ni ya msambazaji na duka. Tuseme nakala imekugharimu 6,000 na umeandika 15,000. Duka likikata asilimia 40 unabaki na 9,000. Toa 6,000, toa nauli ya maboksi, toa zilizopinda kona. Na wengi wetu tutakuomba mali kauli, kwa hiyo hata hiyo utaisubiri.

Usiige bei za chambo pia. Juzuu la kwanza la Saga, katuni ya Kimarekani, lilitoka 2012 kwa dola 9.99, matoleo sita ndani, la pili likawa 14.99. Image, wachapishaji wake, walijua la pili linakuja. Wewe la pili liko wapi?

Mchora_Usiku
Limebaki sura 6 hadi 11, zimeshachorwa. Ndiyo maana nauliza, si bora nipige zote? 220 na 4 ni 224, mafungu 14. Jalada moja, pleti za kuchapia zinaandaliwa mara moja.

Baba_Wino
Hesabu umeipata, na kwa kila ukurasa itakuwa nafuu kweli. Ila pesa yote inakutoka siku moja, na bei ya jaladani inapanda mpaka asiyekujua anakirudisha rafuni. Yale matofali ya Marekani yanayozidi dola 100 kwa kawaida huja baada ya hadithi kuuzwa kwanza vipande vipande, mnunuzi wake ni yule aliyekwisha kuipenda.

Nenda kiwandani uombe bei mbili za kurasa 112: nakala 300 na nakala 1,000. Waulize na gundi ya mgongo, isiwe ile inayoachia kurasa. Ukizipata zilete hapa tuzipige hesabu.