Fundi kanikatia springi na grainda halafu ananipa vipande ananiambia KAZIUNGE!!!

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo mtu asije kunisahihisha herufi.

Huyu fundi wa kushusha magari yakae chini mnamjua, msinilazimishe nimtaje, kila mwenye Subaru au Altezza hapa Dar kapita kwake au ana ndugu yake kapita, yule yule wa "niachie funguo bosi we njoo saa kumi". Nimempelekea Impreza yangu ya 2005, gari ya kazi, gari ya kushusha watoto shule asubuhi na kuingia nayo mjini kutoka Goba, sio gari ya maonyesho. Tumekubaliana vizuri kabisa, anatafuta springi fupi za kampuni ya Tein, used kutoka Japani na shokapu zinazoendana nazo, ishuke vidole viwili tu kati ya tairi na madigadi, iache kuyumba kwenye kona. Hela ya springi kachukua. Hela ya shokapu kachukua. Narudi saa kumi nakuta cheche zinaruka mpaka barabarani, jamaa kashika grainda anakata springi zangu orijino zilizokuja na gari!

Namuuliza fundi unafanya nini, hata grainda hajazima. Kamalizia ya mwisho, kaokota vile vipande, kavitia kwenye mfuko wa simenti, akaninyooshea mbele ya umati wote wa pale gereji akasema "Shika mali yako bosi, ukitaka ndefu kaziunge."

KAZIUNGE. Gereji nzima ikacheka, muuza kahawa kacheka mpaka kaweka birika chini. Nikamuuliza Tein ziko wapi anasema "Tein na hizi zote chuma." Na hela harudishi, anasema imeingia kwenye mawe ya grainda. Laki kadhaa, mawe ya grainda! Alikuwa anakata springi au anakata reli ya TAZARA?

Sasa hivi gari haipandiki. Nikikanyaga sarafu nakwambia ni ya mia au ya mia mbili. Rasta za barabarani zinanihesabia meno. Kila tuta abiria wote wanashuka wanatembea, watoto wangu wakiona tuta wanafungua mikanda wenyewe. Mama mkwe nimempandisha jana kumpeleka kliniki ya mgongo, kafika anataka kliniki ya shingo. Na kichwani nasikia kitu kimoja tu, kaziunge, kaziunge. Mtu umlipe halafu akukabidhi vipande vya gari lako kwenye mfuko wa simenti!

Bampa_Refu: Mkuu leta picha ya mfuko kwanza

mzee wa Kibamba: Hahahaaa kaziunge 😂😂 nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Pole lakini

Chuma_Nne: Pole sana kaka, na uache kuitembeza hiyo gari leo hii nakwambia kabisa. Springi ukiipunguza mizunguko inakuwa ngumu, maana kule kubonyea kulikokuwa kunagawanyika kwenye mizunguko mingi sasa kumebaki kwa michache, ndio maana unahesabu sarafu. Halafu shokapu ni zile zile ndefu, pistoni muda wote iko chini, shimo kidogo tu inafika mwisho inagonga ile stopa ya mpira, ukiendelea hivyo sili inaachia mafuta na shokapu imekufa. Piga jeki uone, nina uhakika springi inacheza kwenye kikombe chake, na ile ncha ya kiwandani iliyotengenezwa ikalie kikombe kaikata, kwa hiyo imekaa kwa kubahatisha. Siku tairi likining'inia kwenye shimo springi inahama. Na angalia tairi kwa ndani, Impreza za umri huo springi inakaa juu ya shokapu mbele na nyuma, zikishuka magurudumu yanalala kwa ndani, nje unaona tairi jipya kumbe ndani waya zinachungulia. Mbele kuna bolti ya kurekebisha kemba, yaani huo mlalo wa gurudumu, nyuma kiwanda hakikuweka. Alaimenti, kupima na kunyoosha magurudumu, umefanya?

Mleta uzi: Mkuu Chuma_Nne asante, yaani umeongea kama ulikuwepo chini ya gari, tairi za mbele ndani kumeanza kulika kweli. Alaimenti nilimuuliza akasema "haina haja, imeshuka sawasawa pande zote." Sawasawa kwa kipimo gani, alipima kwa kidole! Mtu anapima springi kwa kidole gumba halafu ana ujasiri wa kuniambia kaziunge, mbele za watu.

Jicho la Ng'ombe: Acha kulialia, yangu imekatwa na yeye huyo huyo na inatembea vizuri tu. Springi za dukani wizi mtupu, nne unauziwa bei ya pikipiki

Chuma_Nne: @Jicho la Ng'ombe inatembea vizuri kwa sababu nyuma unabeba masabufa. Kushusha gari ya kila siku kuna njia zake. Ama springi fupi za kampuni zinazoshusha sentimita 2 mpaka 4 na shokapu fupi za kuendana nazo, ama koilova, springi na shokapu za seti moja, ambayo unazungusha ringi kwenye uzi wake unapandisha unashusha unavyotaka. Grainda haimo. Gesi ndio kabisa, kuna wanaochoma springi na gesi ilale, chuma kikishapata moto ule unyumbufu wake umekwisha, leo imeshuka, kesho inazidi kuzama.

Jicho la Ng'ombe: Mainjinia wa keyboard mmeamka

Dada_wa_Madale: Mimi niseme ukweli nyie wa magari ya chini mmetuchosha. Asubuhi foleni ya Goba yote mnasababisha nyie, mtu anafika kwenye tuta anasimama, anakata kushoto, anakata kulia, anapita kimshazari kama kaa, nyuma tupo magari hamsini watoto wanachelewa shule. Kama hutaki tuta nunua boti

Mleta uzi: Dada yangu mimi SIJATAKA iwe hivyo, nilitaka vidole viwili! Soma uzi! Yeye ndiye aliyekata! Na kanikabidhi kwenye mfuko wa simenti!!

Bampa_Refu: Simenti gani mkuu, 32.5 au 42.5? Maana kama unaziunga 42.5 inashika vizuri

mzee wa Kibamba: 😂😂😂😂 jamani mwacheni

Kijana_wa_Bunju: Dada tatizo sio magari, tatizo matuta. Kwetu huku watu wamejiwekea tuta la udongo wenyewe, halina alama, halina rangi, usiku unaliona ukiwa tayari uko hewani. Nina Harrier mimi, gari ya juu, na bado limenila bampa

Dada_wa_Madale: La kwetu kaliweka jirani mbele ya geti lake ili watu wapunguze mwendo waone nyumba yake

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Anayejua wapi naweza kupata springi orijino za Impreza used, zote nne, Ilala wamenitajia bei ya kuniua. Na hela yangu huyu naipataje?

Fundi_Friji_Mbagala: Mafundi siku hizi tunachafuliwa na wachache

Dada_wa_Madale: We nawe, mafundi wote baba yenu mmoja. Fundi wangu wa nguo nimempa kitenge cha harusi ya mdogo wangu, juzi nakutana na mke wake sokoni kavaa. KAVAA. Ananisalimia "shikamoo dada" huku yuko ndani ya kitenge changu

Kijana_wa_Bunju: Weeee

Bampa_Refu: Dada ulifanyaje

Dada_wa_Madale: Nilifanyaje nini, kimempendeza. Nimemwambia mumewe anirudishie hela anasema subiri, bado kipande cha kilemba kipo

mzee wa Kibamba: Hiyo nafuu. Wangu suti ya sendofu ya binti kaniletea asubuhi ya shughuli, mkono mmoja unafika kwenye kiwiko, nimepiga picha zote nimeshika mgongo

Jicho la Ng'ombe: Huyo sio yule wa pale karibu na kituo, mwenye cherehani mbili? Yule ana suruali yangu tangu Pasaka, kila nikienda "bado vifungo tu kaka"

Dada_wa_Madale: Ndiye! Cherehani mbili na redio kubwa! Kwani na wewe kitambaa kiko kwake? Nenda leo, nimesikia anahama