Protini 12%, lakini msagaji anasema ngano yangu dhaifu. Nibadili mbegu au mbolea?

Mkulima_Mau: Wadau, salamu. Nalima ngano Mau Narok. Msagaji amepima protini akapata 12%, nikafurahi. Kumbe gluteni, ile protini inayofanya unga uvutike, ni dhaifu, ataichukua kwa bei ya kuchanganyia tu. Jirani anasema niongeze mbolea ya CAN (ya naitrojeni). Mbegu najiwekea mwenyewe kila msimu, hata jina lake sina hakika. Nifanyeje?

HamiraMoto: Naoka mikate Mombasa. Unga wa hivyo naujua: ukiuvuta baada ya kuukanda unakatika, na mkate ukitoka tanurini unabonyea. Mimi huupeleka kwenye biskuti, huko haunisumbui.

Mbegu_Njoro: Ndugu, CAN itaongeza kiasi cha protini, lakini aina ya protini iko kwenye jeni. Ngano ya mkate imebeba jenomu tatu (seti za kromosomu), A, B na D, kromosomu 42 kwa jumla. Angalia Glu-D1, sehemu ya jenomu D yenye jeni za gluteni: mbegu yenye jozi ya protini za 5+10 kwa kawaida hutoa unga unaovutika kwa nguvu, yenye 2+12 hulegea, hata protini zikilingana. Halafu kuna 1RS, kipande cha kromosomu kilichotoka kwenye nafaka ya rai. Kilipendwa kwa sababu ya jeni ya Sr31 iliyozuia kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, ila kilikuja na protini zinazofanya unga unate. Kisha ikaja Ug99, aina ya kutu hiyo iliyogunduliwa Uganda 1998, ikaishinda Sr31.

Mkulima_Mau: Basi natafuta yenye 5+10, yamekwisha?

Mbegu_Njoro: Pole pole! Glu-A1 na Glu-B1, jeni za gluteni za jenomu A na B, nazo zina usemi, na ugumu wa punje unatoka kwingine kabisa, kromosomu 5D. Na mbegu ya gluteni kali isiyohimili kutu itakupa punje zilizosinyaa, uoke nini? Ndiyo maana mzalishaji mbegu haitupilii mbali mistari ya mbegu yenye unga mbaya. Huenda ndiyo yenye kinga atakayoihitaji kesho. Waulize KALRO Njoro, kituo cha utafiti wa kilimo, ni aina zipi zilipimwa kutu na kuoka pia.

MzeeTimau: Mnakimbilia jeni mapema mno. Kijana, ilinyeshewa kabla ya kuvunwa?

Mkulima_Mau: Sana, mzee. Ilikuwa imekauka, tukawa tunasubiri kombaini.

MzeeTimau: Punje ikianza kuchipua ikiwa bado kwenye suke, vimeng'enya vinakula wanga na protini pia. Hapo hata mbegu bora haioki. Mrudie msagaji umuulize kama alipima hilo, kabla hujatoa hela ya mbegu.

Mbegu_Njoro: Mzee yuko sawa, hilo kwanza. Ila hiyo mbegu isiyo na jina achana nayo vyovyote vile.