Kuanza muhula wa Januari Glasgow: jibu kwa mzazi wa Gungu, Kigoma

Mzee wangu wa Gungu, shikamoo. Nawasalimu pia wengine wote mlioko Kigoma, Ujiji na Kasulu, pamoja na wenzetu tulio nao huku Uskoti.

Umeuliza binti yako, ambaye anakuja kuanza shahada ya uzamili hapa Glasgow mwezi Januari, anunuliwe makoti mangapi kabla ya kuondoka. La makoti nitalijibu, lakini naomba uniruhusu nitangulize jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, kwa sababu vijana wetu wengi niliowaona wakiyumba hapa hawakushindwa na baridi. Walishindwa na giza na mvua vilivyowakuta wakiwa bado wageni, wakajifungia chumbani katika wiki za mwanzo, zile ambazo wenzao walikuwa wakifahamiana, wakipangwa katika makundi ya semina na kuonyeshwa namna ya kutumia maktaba.

Katikati ya Januari jua hapa huchomoza karibu saa tatu kasoro ishirini asubuhi na huzama saa kumi na robo alasiri. Mtu aliyekulia Kigoma, ambako mchana haupungui sana chini ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua huzama nyuma ya milima ya Kongo wakati saa moja ya jioni imekwisha kupita, haamini kwamba siku imekwisha kabla hajafanya lolote. Joto la mchana mara nyingi halivuki nyuzi 6 au 7. Mvua nayo si kama ile yetu, inayomwagika kwa kishindo kisha ikaacha anga jeupe. Ni manyunyu ya ubavuni, yanayosukumwa na upepo tangu asubuhi hadi usiku, pengine siku nne mfululizo.

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapomponza mtu. Kwetu mvua ikinyesha watu husimama barazani wakangoja ikatike, na anayechelewa huonekana ana udhuru. Huku mvua haingojwi. Kipindi huanza kwa saa yake, ukumbi ukiwa umejaa watu waliolowa, na hakuna atakayeuliza kwa nini hukuja kwa kuwa kila mmoja amepita katika mvua hiyohiyo. Tena kwa mwanafunzi aliyekuja kwa viza suala haliishii kwenye alama tu: chuo kinachomdhamini kinawajibika kufuatilia ushiriki wake katika masomo, na asipoonekana kwa muda mrefu bila maelezo, kinaweza kuiarifu idara ya uhamiaji, na viza ikafutwa. Binti aelewe hili kabla hajapanda ndege, na akiugua au akielemewa na huzuni, aiandikie ofisi ya wanafunzi siku hiyohiyo badala ya kunyamaza.

Sasa nguo. Anunue koti moja tu zuri, lisilopenya maji, refu la kufunika mapaja na lenye kofia, kwa kuwa mwavuli hapa huvunjwa na upepo siku ya kwanza. Akilipata kwenye mitumba pale Mwanga, alikague vizuri mishono na zipu. Ndani avae nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya sweta moja zito, maana kumbi za masomo huwa na joto na atahitaji kupunguza. Viatu ni muhimu kuliko koti: viwe vya kufunika kifundo cha mguu, vyenye soli ya mpira yenye meno, kwa sababu asubuhi zenye barafu njia za miguu huwa na utando usioonekana kwa macho, na watu huvunjika mikono kwa kuteleza. Vilivyobaki atavipata hapahapa kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani.

Chumba nacho kina mambo yake. Akikaa hosteli ya chuo, kwa kawaida gharama ya joto imo ndani ya kodi. Akipanga nyumba ya mtu binafsi, aulize mapema kama umeme na gesi hulipiwa kwanza kama LUKU, kwa sababu hita inamaliza salio upesi mno. Shirika la Afya Duniani hushauri nyumba isipungue nyuzi 18, na kubana matumizi kupita kiasi huleta maradhi. Mwanafunzi anayeanika nguo chumbani huku dirisha limefungwa ataamka akute kioo kinatiririka maji, na baada ya wiki chache ukuta nyuma ya kabati unaota ukungu mweusi. Afungue dirisha kidogo kila siku, hata kama kuna baridi. Na hili nalisema kwa mkazo: asiwashe mkaa ndani kwa hali yoyote ile, wala asitumie jiko la gesi kupasha chumba joto, maana hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Wiki ya kwanza ajiandikishe kwa daktari wa eneo lake. Ada ya huduma za afya, paundi 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, ameshailipa alipoomba viza, na dawa anazoandikiwa na daktari hapa Uskoti hazilipiwi. Huduma ya afya ya hapa hushauri pia vidonge vya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi ambao jua la huku halitutoshi.

Kwako mzee nina ombi. Tofauti ya saa ni tatu wakati wa baridi, kwa hiyo saa moja na nusu ya jioni kwenu, giza linapoingia ziwani, huku ni saa kumi na nusu na giza limeingia vilevile. Huo ndio wakati wa upweke, nao ndio wakati mzuri wa kumpigia simu. Usiishie kumuuliza kama amekula. Muulize ametoka nje saa ngapi leo na amezungumza na nani.

Tafadhali tujulishe tarehe atakayofika na namba ya viatu vyake. Tunayo mabuti na mablanketi yaliyoachwa na waliohitimu, na mmoja wetu atakwenda kumpokea uwanja wa ndege.