Tupeane uzoefu: biri ndogo za Cuba ambazo hazisifiwi na mtu

Mzee wa Baraza:
Wakuu, jana natafuta hati ya kiwanja kabatini, nikakuta bati la majani ya chai nililokuwa nimeshalisahau. Ndani biri moja ya Cuba, chapa ya Rafael González, ile ndogo iitwayo Perlas. Urefu milimita 102, unene haufiki kidole gumba. Nilipewa mbili na daktari wa Kicuba aliyekuwa jirani yangu hapa Unguja, siku anarudi kwao. Ya kwanza niliivuta usiku uleule, ikanichoma ulimi kama pilipili mbuzi, nikasema hawa wanasifiwa bure. Hii ya pili imelala mwaka na miezi.

Nimeiwasha barazani baada ya isha. Kabla ya moto, ukiinyonya tupu, inanukia majani makavu na kwa mbali kasha la bibi harusi likifunguliwa. Mwanzo ni karanga za kukaanga, zile za kwenye koni ya gazeti. Katikati ikaja kahawa chungu ya dele, na ule utamu unaobaki mdomoni baada ya kashata. Mwisho ikakaza, ikawa na ladha ya ngozi ya kiatu kipya, nikaiacha imebaki inchi moja. Dakika 40 hivi. Kasoro yake iliungua upande, nikaisawazisha kwa kiberiti mara mbili.

Kila mtu anasifu ile chapa maarufu, Cohiba, Cohiba. Hivi vidogo je? Tupeane uzoefu.

Mwana Likoni:
Perlas ni tamu. Sina la kuongeza.

Chumvi Kidogo:
Biri si ile ya Kihindi inayofungwa uzi? Hiyo yako ni sigara ya Cuba. Tuite vitu kwa majina yake.

Baharia Mstaafu:
@Chumvi Kidogo sisi bandarini zote tuliita biri, ya uzi na ya Mcuba. Ulikuwa unafanya kazi gani wewe?

Chumvi Kidogo:
Kazi yangu inahusiana nini na biri?

Mpemba wa London:
Mzee, kwenye lebo ya Rafael González wameandika wenyewe: ivutwe ndani ya mwezi mmoja tangu itoke Havana, au ilazwe vizuri kama mwaka mmoja. Ile ya kwanza umeivuta katikati, ndiyo maana imekuchoma.

Kiko cha Babu:
Hayo ni maneno ya muuzaji. Mimi nimevuta za miezi sita na sijafa.

Mpemba wa London:
Hakuna aliyesema utakufa.

Nyuki wa Tabora:
Na mjue wakubwa walizipenda hizohizo ndogo. Februari 1962 Kennedy, rais wa Marekani, alimtuma msemaji wake, Salinger, amtafutie biri ndogo za Cuba, Petit Upmann, 1,000 usiku mmoja. Asubuhi jamaa akarudi na 1,200. Kennedy akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya kupiga marufuku bidhaa za Cuba, akasaini. Salinger kalisimulia mwenyewe. Mtu kajaza ghala lake kwanza, ndipo akawafungia wenzake duka 😂

Bwana Fizi:
Huku kwetu Fizi, Kongo, wapiganaji wa Kicuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, 1965. Che Guevara walimuita Tatu, mwenzake Dreke akawa Moja. Majina ya Kiswahili kabisa. Tatu alikuwa na pumu, lakini tumbaku hakuiacha. Wazee wetu walikuwa wanamshangaa.

Posa Iliyoungua:
Jamani, mmenikumbusha aibu niliyoizika.

Nilipita Havana kikazi siku nne. Mtaani kijana akanidaka: binamu yake yuko kiwandani, wafanyakazi wanapewa mgawo wao, wanauza kwa bei ya chini. Akanipandisha ghorofa ya tatu, sebuleni kwa watu, bibi anaangalia runinga wala hageuki. Nikatolewa kasha la Cohiba 25, kifuniko cha kioo, linang'aa kama kabati la saa. Nikalipa. Nikajiona mjanja wa mwaka.

Miezi miwili baadaye tunapeleka posa Tanga. Upande wa mchumba yupo mjomba aliyekaa Dubai miaka 30. Wazee wamemaliza maneno yao, mimi kwa kiherehere nikachomoa kasha: "Mjomba, zawadi kutoka Cuba." Akalipokea kwa mikono miwili. Akatazama kioo. Akatazama vimiraba vyeupe kwenye pete ya karatasi inayovishwa biri, havikunyooka. Kimya. Akaomba kisu cha matunda na sinia.

Akaipasua moja kwa urefu, mbele ya wazee wote, kama mtu anayepasua samaki. Zikamwagika takataka: vipande vipande, kijiti, na kitu ambacho mpaka leo naapa ni mgomba mkavu. Akasema polepole, hata hakukasirika: "Mwanangu, ya kweli ndani ina majani marefu, kutoka kichwani mpaka miguuni. Volado ya kuwaka, seco ya harufu, ligero ya nguvu. Halafu jani la kufunga, halafu la kuvalisha. Na Cohiba haijawahi kuuzwa kwenye kasha la kioo." Baba yangu alikuwa anatazama dari.

Kisha mjomba akatia mkono mfukoni, akatoa kibiri kifupi, Partagás Shorts, milimita 110. "Vuta hii ujue tofauti." Nami tangu asubuhi sijatia kitu tumboni kwa wasiwasi. Nikavuta kama sigara ya kawaida, moshi mpaka kifuani. Pafu la sita jasho, la nane ukuta unatembea. Nikanyanyuka kistaarabu kutafuta ua. Sikuufikia. Nilitapikia kwenye jungu la pilau la kina mama, bahati lilikuwa tupu.

Mwana Likoni:
JUNGU LA PILAU 🤣🤣

Dada wa Ngamiani:
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ulioa au hukuoa?

Kiko cha Babu:
Swali la msingi hilo.

Daktari Kaunti:
Hiyo ni nikotini ndugu, wala si uchawi. Moshi wa biri hauvutwi kifuani, unakaa mdomoni unatoka. Ndogo isikudanganye: Shorts ni kali kuliko nyingi zilizo nene. Kula kwanza. Ukianza kutoka jasho, izime, kaa chini, kunywa chai yenye sukari. Na kutovuta kabisa ndiyo salama zaidi, mnajua nitasema hivyo.

Baharia Mstaafu:
Chai? Lamba chumvi.

Mama Fatu:
Tangawizi.

Chumvi Kidogo:
Acheni kuvuta, mtapona wote.

Mpemba wa London:
Turudi kwenye kasha. Geuza chini: lazima kuwe na muhuri "Hecho en Cuba, Totalmente a mano", msimbo wa kiwanda, mwezi na mwaka. Na utepe wa dhamana wa kijani na nyeupe. Binamu wa kiwandani Havana ni wengi kuliko wafanyakazi wa viwanda.

Mzee wa Baraza:
Jamani, mimi niliuliza habari ya Perlas. Nikipata nyingine nizitunzeje hapa pwani? Bati la chai lilinisaidia kwa bahati tu.

Mpemba wa London:
Sanduku lenye unyevu asilimia 65 mpaka 70, weka na kipimo.

Nyuki wa Tabora:
Weka friji.

Kiko cha Babu:
Friji hapana, itanuka changu. Na huyo wa London asikwambie utie maji, hewa ya Unguja yenyewe ni maji. Bati likaze, liwe mbali na jua, basi.

Mama Fatu:
Marehemu mume wangu alikuwa anazitia ndani ya mtungi, chini ya kitanda. Nyumba nzima ilinukia yeye.

Daktari Kaunti:
Adui wa pwani ni yule mdudu wa tumbaku. Yai limo ndani ya jani, joto likizidi anatoka, anatoboa kama sindano. Siku tatu kwenye jokofu la kugandisha, halafu friji ya kawaida siku moja, ndipo utoe. Funga kwenye mifuko miwili.

Nyuki wa Tabora:
Kwa hiyo friji nilikuwa sahihi.

Kiko cha Babu:
Hukuwa sahihi.

Dada wa Ngamiani:
Sisi tunasubiri. ULIOA?

Posa Iliyoungua:
Nilioa. Siku ya harusi mjomba alileta kasha la Shorts 25, na barua ndogo juu: "Baada ya kula." Zimebaki tatu. Nimeziangalia sasa hivi baada ya kumsoma daktari, mbili zina matundu ya sindano.