Nataka kusomea huduma ya vijana, nichague vipi chuo?

Wapendwa naombeni ushauri, nasikia wito wa kuhudumia vijana na nataka niusomee kabisa ila vyuo vya Kikristo ni vingi, nianze kuangalia nini?

Jibu: Ithibati kwanza, yaani chuo kiwe kimetambuliwa rasmi na mamlaka ya elimu, maana cheti kisichotambulika kitakusumbua ukitaka kuendelea na digrii kwingine. Na tamko lao la imani lisome mwanzo mwisho.

Jibu: Mi naongezea fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Uliza utakaa na vijana wenyewe wiki ngapi na nani atakusimamia, maana kijana akija analia kwa msongo wa mawazo hutamsaidia kwa notsi tu, lazima ufundishwe ushauri nasaha na ulinzi wa watoto

Muulizaji: Asanteni sana, hilo la ushauri nasaha sikuliwaza kabisa, kesho nauliza vyuoni.