Tumbo baada ya uzazi: kunyonya mafuta, kukata ngozi au puto?

MamaPacha_Tabata
Habari za jioni wakuu. Miaka 36, kilo 74, urefu sentimita 163. Nimezaa mara mbili, mara ya pili pacha kwa kisu. Mikono na miguu imerudi, tumbo limegoma. Kanga nimejifunga, maji ya limau nimekunywa hadi meno yanakufa ganzi. Shoga yangu anasema nikanyonywe mafuta, wifi anasema niwekewe puto ndani ya tumbo la chakula, bosi wangu alikata ngozi kabisa na kapendeza. Kipi ni cha tumbo gani? Wa "jikubali ulivyo" nawaheshimu, ila piteni kimya.

Chausiku77
Mimi nilinyonywa tumbo na kiuno mwaka 2021, India. Nikupe ambayo mimi sikuambiwa. Usiku wa kwanza unavuja. Matundu mengine hayashonwi, maji yenye damudamu yanatoka, nililalia mpira wa kutandikia mtoto na shuka bado lililoa. Siku ya tatu nikapanda mizani, kilo zimeongezeka! Nililia. Kumbe uvimbe. Maumivu yenyewe si ya kidonda, ni kama umelima ekari nzima kisha ukapigwa na mwenye shamba. Mkanda wa kubana niliuvaa wiki sita usiku na mchana, kwa joto la Dar fikiria mwenyewe. Ofisini nilirudi siku ya kumi. Ngozi ilibaki na ganzi miezi kadhaa, na umbo nililolipia nimeliona mwezi wa nne. Ningerudia? Kiuno ndiyo. Tumbo hapana, chini ya kitovu ngozi imebaki inaning'inia.

Nesi_wa_Zamu
Hapo kwenye ngozi ndipo pa kuanzia, MamaPacha. Simama, bana tumbo kwa vidole. Ukikamata nyama uzembe nene na ngozi inavutika na kurudi, hilo ni la kunyonya. Ukikamata ngozi tupu iliyosinyaa, mafuta yakitoka itazidi kulegea. Kisha lala chali, inua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati juu ya kitovu. Vikizama kama kwenye mfereji, misuli imeachana, na hakuna mrija unaorudisha misuli. Hiyo hushonwa wakati wa kukata ngozi.

Namna inavyofanyika: kwanza wanajaza maji ya chumvi yenye lidokeini ya kutia ganzi na adrenalini, mishipa inasinyaa, damu haitoki nyingi. Ndipo mrija mwembamba unaingia na kuvuta. Si njia ya kupunguza uzito. Kuvuta zaidi ya lita 5 kwa mara moja kunahesabiwa kuwa kukubwa na mgonjwa hulazwa aangaliwe, kwa hiyo anayekuahidi kilo 15 kwa siku moja mkimbie.

KitambiKigumu
Sisi wanaume je? Langu halibaniki, ngoma kabisa.

Nesi_wa_Zamu
Mkuu, lako liko ndani, limezunguka utumbo na ini. Mrija haufiki huko na usijaribu kuufikisha. Punguza ugali wa usiku na ile nyingine unayoijua, tembea, pima sukari na presha.

KitambiKigumu
Ile nyingine umeijuaje 😅

Kasarani_Ndogo
Hapa Nairobi, Oktoba 2024 mama mmoja alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta kwa kliniki, utumbo ulikuwa umetobolewa. Baraza la madaktari likafunga hiyo kliniki. Usiangalie picha za Instagram. Uliza daktari amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji gani, nani atakulaza usingizi, na mambo yakiharibika usiku ICU iko wapi.

Bibi_Harusi_Mstaafu
Mimi nilikatwa ngozi na kushonwa misuli. Wiki mbili nilitembea nimeinama kama bibi kizee, mirija miwili ya kutoa maji inaning'inia. Kubeba mtoto marufuku wiki sita, kwa hiyo panga msaidizi kabla ya kupanga hospitali. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga, chupi inalificha. Ila tumbo ni bapa kweli. Shoga anayesema laipo (kunyonya mafuta) na kukata ni kitu kimoja hajafanya hata kimoja.

Puto alifanya mdogo wangu. Huingizwa kwa mdomo bila kisu, hukaa kama miezi sita. Siku za kwanza alitapika hadi nyongo. Uzito ulishuka, lakini yeye alikuwa mnene mwili mzima, si tumbo tu. Na lilipotolewa, chipsi zilirudi na kilo zikafuata.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea, usiku huo huo rudi hospitali ukipata: pumzi fupi, maumivu ya kifua, shavu la mguu mmoja kuvimba, homa, au tumbo kuuma kupita dawa. Damu kuganda ndiyo inayoua kimyakimya, ndiyo maana tunawaamsha mtembee. Na Chausiku, safari ndefu ya ndege kutoka India kabla ya siku ya kumi ni kucheza na moto.

MamaPacha_Tabata
Nimelala chali nimejaribu. Vidole vitatu vimezama, mume ananiuliza natafuta nini. Sasa kuna jambo sikulisema. Watoto wote wa kiume, na yeye anataka wa kike.

Nesi_wa_Zamu
Basi weka hela akiba. Mimba inaweza kuachanisha tena kilichoshonwa. Zaa, nyonyesha, acha, ipite miezi sita, ndipo ukamwone daktari.

MamaPacha_Tabata
Na kama mimi sitaki kuzaa tena?

Chausiku77
Hiyo fungulia uzi wake. Mimi nawahi siti ya mbele.