Uvimbe kwenye umio: apasuliwe kifua, atobolewe matundu, au India?

Kisamvu
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu kapigwa kamera, wameona uvimbe kwenye umio. Wanasema ni leiomioma, si saratani. Daktari wa kwanza anataka kufungua kifua. Wa pili anasema atapitisha vifaa kwenye matundu madogo ubavuni. Shemeji anang'ang'ania India, eti huko unatolewa kupitia mdomoni. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Mama Tatu
Ukubwa? Umri? Anameza ugali au uji tu? Unauliza bei ya shamba hujataja ekari.

Kisamvu
Samahani dada. Miaka 38. Ugali unakwama, anausukuma kwa maji. Ukubwa sikuuliza.

nesi_wa_zamu
Sasa hukuuliza kitu gani! Kidogo kisichomsumbua huachwa, anarudi kupimwa tu. Kikikwamisha chakula, au kikipita sentimita 5, hutolewa. Uliza pia kama alipigwa ultrasaundi ya ndani ya umio. Ndiyo inayoonyesha uvimbe umeota tabaka gani. Leiomioma huota kwenye msuli, utando wa juu unabaki mzima. Na wasimkate kinyama cha kupima ovyo.

Chuma_Ulete
Asikatwe kinyama, mtajuaje si saratani? Ukanda wetu huu saratani ya umio imejaa.

Bahari Kuu
Chuma, mimi yamenikuta. 2017, uvimbe wa sentimita 4. Hospitali siitaji. Walinikata kinyama mara tatu, kila mara majibu "hakuna kitu", kwa sababu walikuwa wanachuna utando na uvimbe uko chini yake. Siku ya upasuaji makovu yameshaugandisha utando na uvimbe. Kitu cha kumenywa kama kokwa ya embe, wakachana utando. Wakashona. Siku ya tano homa, na maziwa niliyokunywa nikayaona yanatoka kwenye mrija wa kifuani! Wiki sita nalishwa kwa mrija wa tumboni. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa lishe najiona niko wodini.

nesi_wa_zamu
Pole sana kaka. Ila Chuma naye ana hoja. Kuna uvimbe uitwao GIST, kwa macho hauna tofauti, nao unaweza kugeuka saratani. Ukishukiwa, huchomwa sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi, maabara wakatofautisha kwa rangi.

Mpemba halisi
India tu. Wanachana utando kidogo juu ya uvimbe, wanachimba njia kati ya utando na msuli, wanautoa, wanabana kwa klipu. Kifua hakiguswi.

Mama Tatu
Na ukiwa wa sentimita 7 utapita koo gani?

Kiptoo254
Mbona mbali hivyo? Hospitali ya Tenwek, Bomet, hapa Kenya, wamefanya kazi ya umio miaka mingi.

Chuma_Ulete
Huko wagonjwa wa saratani ya umio hawapungui, mnakunywa chai inachemka.

Kiptoo254
Chai imeingiaje hapa? Leiomioma haitokani na chai.

Chuma_Ulete
Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema 2016: kinywaji kilichozidi nyuzi 65 pengine kinaleta saratani ya umio.

Kiptoo254
"Pengine." Na wewe supu ya asubuhi unaipoza?

Kisamvu
Wakuu, nimeona cheti. Kimeandikwa 62, herufi inayofuata sijui ni mm au nini, mwandiko wa daktari.

Mama Tatu
Piga picha, funika jina.

Chuma_Ulete
Supu ni tofauti, ina mafuta.